Qinghao: dawa iko kwenye maandalizi

Maandishi ya kale zaidi yanayoutaja mmea wa qinghao kama dawa hayahusu malaria. Yanahusu bawasiri. Yaliandikwa kwa wino juu ya hariri, yakazikwa katika kaburi la Mawangdui mjini Changsha, kusini mwa China, mwaka 168 kabla ya Kristo, na yakafukuliwa mwaka 1973. Ndani yake mna tiba za maradhi 52. Karne mbili tatu baadaye kitabu kingine cha mitishamba kinautaja mmea huo kwa upele, muwasho, vidonda vilivyokataa kupona, chawa, na joto lililojificha kwenye viungo. Malaria ilikuja nyuma ya hayo yote.

Huku kwetu Afrika Mashariki mmea umefika ukiwa na sifa moja tu. Tunauita artemisia, tunaupanda nyuma ya nyumba, tunaukausha kivulini na kuuchemsha kama tunavyochemsha mwarobaini. Kwenye dirisha la dawa naulizwa mara kwa mara: "Dokta, vidonge hivi vya mseto si vinatoka kwenye majani haya haya? Kwa nini ninunue vidonge wakati majani ninayo?" Ni swali la mtu mwenye akili, na halistahili kujibiwa kwa kufokewa. Jibu lake linapitia China, tena zaidi ya mara moja.

Tuuangalie mmea kwanza. Kitaalamu ni Artemisia annua, wa jamii ya alizeti, ndugu wa pakanga tunayoisoma kwenye Biblia, na ndugu pia wa Artemisia afra inayoota yenyewe kwenye nyanda za juu kama miteremko ya Kilimanjaro. Huota, huchanua na kufa ndani ya msimu mmoja. Ukistawi hufika mita 2. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, na ukiyafikicha mkononi yanatoa harufu kali yenye utamu kidogo na dalili ya kafuri. Maua ni ya manjano na madogo sana, upana wa milimita mbili au tatu, yananing'inia kwa mamia kwenye vitawi vya juu. Juu ya majani na maua hayo kuna vifuko vya mafuta ambavyo huvioni bila hadubini. Kemikali inayoua vimelea vya malaria, artemisinini, imehifadhiwa humo. Shina na mizizi havina cha kutegemewa. Hata majani yenyewe hayalingani: kuna mmea wenye artemisinini isiyofika sehemu moja ya elfu ya uzito wa majani makavu, na kuna mwingine wenye mara kumi ya kiasi hicho, kutegemea mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Kwa macho na kwa pua yote miwili ni sawa.

Katika tiba ya jadi ya Kichina, dawa hujulikana kwa tabia yake kabla ya kujulikana kwa ugonjwa inaoutibu. Qinghao huhesabiwa kuwa chungu, yenye ukali kidogo, na baridi, na huelekezwa kwenye ini na nyongo. Wazee wa pwani waliokulia kwenye tiba ya hari, baridi, yabisi na rutuba hawatashangazwa na hesabu hiyo: ugonjwa wa moto huwekewa dawa ya baridi. Lakini Wachina waligawanya moto wenyewe katika namna nyingi, na qinghao ilipewa namna chache mahususi. Upo moto wa kiangazi, unaompata mtu aliyeshinda juani, kichwa kikamuuma na kifua kikambana. Upo umanjano wa macho na ngozi. Zipo homa za vipindi, baridi ikifuatwa na joto. Na upo moto wanaoueleza kama mvuke unaotoka ndani ya mifupa: mgonjwa ameumwa muda mrefu, amekonda, mchana ana nafuu, usiku ukiingia mwili unapata joto, na asubuhi homa inashuka bila jasho. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kifua kikuu kabla hajaanza dawa ataitambua picha hiyo, ingawa waganga wale hawakuwa na jina la bakteria.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo ya mwisho, tabibu Wu Jutong aliacha mchanganyiko katika kitabu chake cha homa za mwaka 1798, na hadi leo unafundishwa vyuoni. Ndani yake qinghao inaongozana na gamba la kasa wa maji baridi, mzizi wa rehmannia, zhimu, na gome la mzizi wa peoni. Kila kimoja kina kazi yake. Gamba la kasa linazama ndani kuufuata moto ulikojificha, na qinghao, kwa harufu yake nyepesi, inautoa nje. Vingine vinarudisha maji ya mwili yaliyokaushwa na homa. Maelezo haya ni ya nadharia yao, hayajapimwa kwa majaribio ya aina tunayodai kwa dawa ya malaria, na sitaki msomaji ayachukue kama ushahidi wa maabara. Ninachotaka akione ni nidhamu. Qinghao haitolewi kwa kukisia. Kipimo ni gramu 6 hadi 12 za majani na vitawi vikavu kwa siku, mara nyingi ikiwa na wenzake, na kuna sharti la jikoni ambalo mpishi wa dawa hapaswi kulisahau: vitu vigumu huchemka kwanza, qinghao hutiwa mwishoni, dakika chache tu kabla ya kuepua. Waliojua kazi yao walijua kwamba mmea huu haupendi moto mrefu.

Aliyelijua hilo mapema zaidi ni Ge Hong, msomi aliyeandika karibu mwaka 340. Kitabu chake kilikuwa cha dharura, kidogo cha kutosha kubebwa kwenye mkono wa joho, kwa ajili ya watu walio mbali na tabibu na wasio na fedha za dawa adimu. Katika sehemu ya homa za vipindi aliorodhesha tiba nyingi, na moja ni ya qinghao: konzi moja ya mmea, maji ya sheng mbili, yaani kiasi kisichofika nusu lita, loweka, kamua kwa nguvu, kunywa juisi yote. Hakuna mahali anapotaja jiko, katika tiba ambayo karibu kila kitu ndani yake huchemshwa. Maagizo hayo yalikaa kwenye rafu kwa zaidi ya miaka 1,600 kabla mtu hajajiuliza kwa nini.

Aliyejiuliza ni Tu Youyou, mwanakemia wa dawa aliyezaliwa Ningbo mwaka 1930. Mwanzo wa kazi yake ni vita. Vimelea vya malaria kusini mashariki mwa Asia vilikuwa vimeizoea dawa ya klorokwini, wanajeshi wa Vietnam Kaskazini walikuwa wanakufa msituni zaidi kwa homa kuliko kwa risasi, na serikali yao iliomba msaada wa China. Tarehe 23 Mei 1967 mradi wa siri ulianzishwa, ukaitwa 523 kwa tarehe hiyo. Tu alikabidhiwa kikundi katika chuo cha tiba ya jadi cha Beijing mwanzoni mwa 1969. Yalikuwa Mapinduzi ya Utamaduni: mumewe alikuwa amepelekwa kufanya kazi mashambani, naye alimwacha binti yake mkubwa kwenye kituo cha kulelea watoto ili aende Hainan kuwaona wagonjwa wa malaria kwa macho yake.

Kikundi kilikusanya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabuni na kwa waganga, kikazichuja, kisha kikajaribu dondoo 380 hivi za mimea kama 200 kwa panya walioambukizwa malaria. Qinghao ilikuwa kwenye orodha, na mwanzoni ilitia matumaini kisha ikakatisha tamaa. Dondoo moja ilipunguza vimelea vizuri, nyingine ya mmea ule ule haikufanya kitu. Hapo ndipo Tu alipourudia ukurasa wa Ge Hong na kuona kwamba tatizo linaweza kuwa moto wa jiko lao. Aliacha kuchemsha. Alitumia eta, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, akachukua majani peke yake bila mashina, akaitenga sehemu yenye asidi iliyokuwa na sumu na kubaki na ile isiyo na asidi. Sampuli namba 191 ilijaribiwa tarehe 4 Oktoba 1971. Vimelea vilitoweka kwenye damu ya panya wote.

Viwanda vya dawa vilikuwa vimesimama, hivyo dondoo zilitengenezwa kwenye mapipa ya kawaida ya nyumbani, kwenye vyumba visivyo na hewa ya kutosha, na wahudumu waliugua kwa mvuke wa eta. Julai 1972 Tu na wenzake wawili waliinywa wao kwanza, hospitalini, ili wajue kama ina madhara. Miezi iliyofuata wagonjwa 21 huko Hainan walipewa, wakapona homa. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, na ni haki kusema hivyo: vikundi vya Yunnan na Shandong vilipata fuwele safi zaidi, Li Guoqiao alionyesha mwaka 1974 kwamba dawa inaokoa hata walioshikwa na malaria ya kichwani, na wanakemia wa Shanghai walishiriki kuupata muundo wake. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015 ilikwenda kwa Tu, akiigawana na wagunduzi wa dawa ya minyoo, William Campbell na Satoshi Omura.

Muundo huo unaeleza mambo mengi. Artemisinini ina daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, jambo ambalo si la kawaida kwenye dawa. Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu na kula hemoglobini, na kila kinapokula huachia chuma. Chuma hicho kikikutana na daraja lile linavunjika, na vipande vyake vyenye ukali vinaunguza protini za kimelea kutoka ndani. Mlafi anauawa na chakula chake. Kasi yake haina mfano katika dawa za malaria zilizotangulia: ndani ya saa 48 idadi ya vimelea inaweza kushuka mara elfu kumi. Lakini daraja hilo hilo halipendi joto kali, na artemisinini yenyewe huyeyuka kwa shida sana kwenye maji. Majani mabichi yaliyopondwa na kukamuliwa hutoa juisi yenye mafuta ya mmea yaliyochanganyika na maji, na mafuta hayo ndiyo yanayoibeba dawa. Watafiti walioiga mbinu za kale wamekuta juisi ya namna hiyo ikiwa na artemisinini nyingi kuliko chai ya majani makavu.

Sasa turudi dirishani, kwa mwenye majani. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliandaa chai kwa kutia gramu 9 za majani makavu kwenye lita moja ya maji, wakakuta ina miligramu zisizofika 100 za artemisinini. Dozi ya artemisinini safi iliyokuwa ikitolewa kwa mtu mzima ni miligramu 500 au zaidi kwa siku. Mwaka huo huo jaribio lililofanyika Kongo liliwapa wagonjwa chai kwa siku 7. Siku ya saba, karibu robo tatu yao hawakuonekana na vimelea, dhidi ya tisa kati ya kumi waliopewa kwinini. Kisha wiki zikapita, na malaria ikawarudia wengi wa wanywaji wa chai.

Ndiyo maana nikisikia mtu anaapa kwamba chai imemponya, simwiti mwongo. Homa yake ilishuka kweli. Artemisinini kidogo inatosha kufyeka vimelea vingi na kumwinua mtu kitandani. Mtu mzima aliyekulia Kilombero au Kisumu, ambaye mwili wake umepambana na malaria tangu utotoni, anaweza kumalizia kazi iliyobaki kwa kinga yake mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Kwake saa za kusubiri chai ifanye kazi ni saa ambazo malaria inapanda kichwani, na mama anaanza kuita degedege na kutafuta mganga. Mtoto aliyefika hapo anahitaji sindano ya artesuneti, ambayo ni mtoto wa qinghao pia, iliyotengenezwa iweze kuyeyuka na kuingia mshipani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Karibu robo ya vifo hivyo ilizuiwa kwa kubadilisha sindano. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha heshima ya mmea huu vizuri kuliko huo.

Kuna tatizo la pili la chai, na hili halimhusu mnywaji peke yake. Artemisinini haikai mwilini; baada ya saa chache nusu yake imeondoka, na ukiirudia siku baada ya siku ini huongeza kasi ya kuiondoa. Vimelea vilivyosalia hubaki na mabaki ya dawa yasiyotosha kuviua, na vile vyenye uvumilivu kidogo zaidi ndivyo vinavyozaana. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani mwaka 2001 lilishauri dawa za jamii hii zisitolewe peke yake kwa malaria ya kawaida. Zinaambatanishwa na dawa inayokaa muda mrefu, na huo ndio mseto. Tanzania Bara ilianza kutumia ALu mwaka 2006, ikiwa na artemetha, ambayo ni artemisinini iliyobadilishwa kidogo, pamoja na lumefantrini. Artemetha inafyeka, lumefantrini inabaki siku kadhaa kuokota waliofichama. Hakuna chai yenye lumefantrini ndani yake.

Usugu umekwisha kuanza. Ulijitokeza magharibi mwa Cambodia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kwa mabadiliko kwenye jeni moja ya kimelea iitwayo kelch13. Kwa miaka kadhaa tulijifariji kwamba uko mbali. Kisha ukaripotiwa Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera, na ushahidi wa jeni unaonyesha kwamba vimelea hivi vya Afrika havikuletwa na abiria kutoka Asia. Vimezaliwa hapa hapa. Mseto bado unawaponya walio wengi, kwa kuwa lumefantrini inaendelea kufanya kazi. Kila dozi iliyokatizwa, kila kidonge bandia na kila kikombe cha chai kinachonyweshwa mtu mwenye vimelea damuni kinachangia upande wa kimelea, na ninasema hivyo nikijua kwamba waliopanda artemisia walikuwa na nia njema, wengi wao wakiishi mbali na zahanati.

Mwaka 2020 nia njema hiyo ilichukuliwa mbali zaidi. Madagascar ilitangaza kinywaji cha artemisia kwa ajili ya korona, na Mei mwaka huo Tanzania ilituma ndege kukichukua. Ushahidi wa kwamba kinatibu korona haukupatikana.

Kuna kazi nyingine ya shamba ambayo ningependa izungumzwe zaidi kuliko chai. Artemisia huchanua siku zinapokuwa fupi. China ya kati ina siku ndefu za kiangazi zinazoupa mmea muda wa kurefuka na kujaza majani kabla ya maua. Huku kwenye ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, mmea wa mbegu ya kawaida huchanua ukiwa bado mfupi, na majani ni machache. Wakulima wa nyanda za juu za Tanzania, Kenya na Uganda waliingia kwenye zao hili baada ya 2000 kwa mbegu chotara zinazochelewa kuchanua, wakauza majani makavu viwandani, Athi River kukiwa na kiwanda cha kukamua. Mbegu ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo kazi yote ya mwanzo ni kitalu, maji ya kunyunyiza taratibu, na subira. Wengi walivunjwa moyo na bei: artemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005, China ikapanda maeneo makubwa, na miaka miwili baadaye bei ikawa sehemu ndogo ya hiyo. Afrika inatumia dawa hizi kuliko bara lolote, na mkulima wake hana mkataba wa kumlinda na mawimbi hayo. Hilo ni jambo la serikali na wanunuzi, na linaweza kurekebishwa.

Kwa aliyepimwa na kukutwa na malaria isiyo kali, dozi ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, maziwa, karanga au uji uliotiwa siagi, kwa sababu lumefantrini bila mafuta hupita tumboni bila kufyonzwa vya kutosha. Wengi huacha siku ya pili homa ikishuka, wakiweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto. Homa hiyo imeshushwa na artemetha. Kazi ya lumefantrini bado haijaisha. Mwenye mimea yake nyumbani na aiache istawi, na akishikwa na homa aende kupimwa kwanza.

China yenyewe ilithibitishwa kuwa haina malaria tarehe 30 Juni 2021, nchi ambayo katika miaka ya 1940 ilikuwa na wagonjwa milioni 30 kwa mwaka. Ilifika hapo kwa vidonge vya mseto, vyandarua, kupulizia dawa, na kumfuatilia kila mgonjwa: taarifa ndani ya siku 1, uchunguzi ndani ya siku 3, hatua za kuzuia maambukizi ndani ya siku 7. Kwenye hospitali za tiba ya jadi za nchi hiyo qinghao bado inapimwa kwa gramu na kutiwa mwishoni mwa chungu, kwa homa za usiku za watu waliougua muda mrefu. Mgonjwa wa malaria anayewasili kutoka ng'ambo hupelekwa kupimwa damu.